Mifuko Saba ya Mabua

Kosa lilikuwa la Orville Tesch, na mwenyewe halikatai. Mtaani kwao, mjini Dubuque, mtu akilazwa hospitali, jirani humfyekea uwanja bila kuulizwa. Basi Bi Marlys Hagedorn alipokwenda kubadilishiwa nyonga, Orville akaingia na mkasi wake wa bustani, akayakata mabua yote ya maua yaliyokauka wima, akajaza mifuko saba ya karatasi, akaipanga kando ya barabara izolewe. Kisha akasubiri shukrani, ikiwezekana ije na pai ya tufaha.

Bi Marlys alirudi Alhamisi, ameegemea fremu ya kutembelea. Akautazama uwanja, akamtazama Orville.

"Umewabomolea nyuki wangu nyumba."

"Nyuki gani, Bi Marlys? Mzinga wenyewe sijauona."

"Hawa hawana mzinga wala malkia. Kila mama ana bua lake. Anataga humo, anaziba, watoto wanalala mpaka joto lirudi. Miaka tisa nawatunza, Orville. Wako wapi?"

Orville akageuka. Kando ya barabara palikuwa peupe. Lori la kuzoa majani lilikuwa linapinda kona.

Alilikimbiza akiwa na kandambili, miaka hamsini na minane, tumbo likitangulia. Akalipata mtaa wa tatu. Dereva alicheka mpaka akakohoa, lakini akamruhusu apande nyuma. Mifuko ilifanana yote. Orville akaipapasa mmoja mmoja: ya watu ilikuwa laini, imejaa majani ya miti, yake ilichoma vidole. Akapata sita. Wa saba ulikuwa chini kabisa, umepondeka.

Mkewe, Geneva, alipomwona anaburuta mifuko akamuuliza kama sasa ameanza kuiba taka. Akamjibu kwamba anaiba zake mwenyewe.

Siku mbili alifunga mabua mafungu mafungu, akayasimamisha kwenye uzio wa Bi Marlys, mwenyewe akimwelekeza kutoka dirishani kwa mkongojo, bila tabasamu. Jirani mmoja akasema uzio umekuwa kama banda la kuku. Orville akasema mabua hayatoki hapo, hata aje meya. Theluji ikaja, ikaondoka, hayakutoka.

Sasa ni Mei, mitufaha imechanua. Kila adhuhuri Orville anachuchumaa mbele ya uzio, anahesabu matundu ambayo bado yamezibwa. Bi Marlys yuko barazani kwenye kiti chake, anatazama.

"Jamani," Orville anayaambia mabua kwa sauti ya chini, "atoke hata nyuki mmoja."

Kisha anaanza kuhesabu upya.