Kaseti ya Katibu Tarafa

Mama William alinidaka mkono kabla sijabonyeza kitufe cha kuzima. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. "Acha iseme," aliniambia, na kinasa sauti kikaendelea kusema.

Ulikuwa mwaka 1993. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, na pale mkoani mtu mmoja akashtuka kwamba wastaafu wanaondoka na historia vichwani. Nikapewa kinasa sauti na kaseti, nikawarekodi kabla hawajafa. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Mzee Nikodemo, katibu tarafa mstaafu, alinipokea kwake mtaa wa Kikuyu wakati mkewe, Dorkasi, yuko mashineni kusaga. Alizungumza vizuri mno: shule ya misheni, Land Rover ya kwanza, miaka ya njaa. Akafika kwenye operesheni ya kuhamishia watu vijijini, sauti ikashuka. Alipomaliza alihema kama mtu aliyetua gunia. "Hiyo itunze mpaka nife, mwanangu," alisema. Nikakubali.

Sasa, mimi nilikuwa na desturi yangu. Sikumuaga mzee yeyote kabla ya kumrudishia kaseti mwanzo ajisikie, maana walifurahi kama watoto. Mzee Nikodemo alicheka mpaka machozi. Mkewe alipoingia na debe la unga, ni yeye mwenyewe aliyemwita: "Mama William, njoo umsikie mumeo redioni!" Tukanogewa wote watatu. Habari za Land Rover zilimchekesha mama yule hata akakaa chini, na hakuna aliyekumbuka kilichokuwa kinafuata, mpaka nilipokimbilia kitufe nikadakwa mkono.

"...mgambo waliogopa kuanza. Basi nguzo ya kwanza ya tembe moja, nyumba ya paa la udongo, niliing'oa mimi. Sikuingia kutazama ndani. Paa likashuka lote, na bibi wa watu alikuwa amelala humo. Nikasema ni mvua. Hata binti yake, ambaye baadaye nilimwoa, nilimwambia ni mvua."

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama William halali mvua ikinyesha. Hukesha ameketi mlangoni, ameshika mwimo, hata chini ya bati zuri la nyumba ile.

"Mama William," mzee aliita. "Nilikuoa ili nikutunze."

Nilingoja yowe. Mama alijifuta mikono kwa kanga taratibu, akanigeukia.

"Upande wa pili una nafasi?"

"Upo mtupu, mama."

"Geuza."

Niligeuza, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee Nikodemo akainuka kutaka kutoka nje. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile kama mke, Dorkasi akamwita kwa cheo chake.

"Kaa, Bwana Katibu. Sasa utanisikiliza mimi."