Kituo Kilipokatiza Mbele ya Jua

Hezron Nzunda alikuwa mpiga picha mjini Tunduma, na wengi waliopita kwake hawakutaka zaidi ya picha ndogo za pasipoti. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya mpakani, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Madereva waliingia, wakakaa mbele ya kitambaa cha bluu, wakaambiwa wanyanyue kidevu, wakaondoka. Wafanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimwita mukwai, neno lao la heshima, huku wakimhimiza afanye haraka. Jumamosi alipiga picha za harusi. Kazi ilimlisha yeye na mkewe Gwantwa, na hakuwa na sababu ya kuilalamikia, ila alikuwa amefika umri ambao mtu huanza kutamani kufanya kitu kimoja ambacho hakuna mteja aliyemwagiza.

Kitu hicho alikiona kwenye simu. Mtu wa nchi ya mbali alikuwa amepiga picha ya jua, duara tupu, na ndani yake doa dogo lenye mabawa. Maelezo yalisema kwamba doa lile ni kituo cha anga, chombo kinachoizunguka dunia kikiwa na watu ndani, na kwamba hukatiza mbele ya jua kwa muda usiotosha kutamka jina la mtu. Hezron aliitazama picha ile mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akakohoa.

Akajifunza. Akajua kwamba kitu kile hakisubiriwi mahali popote tu. Kijiji kimoja kinaweza kukiona kikipita juu ya jua na kijiji cha pili kisione lolote. Kulikuwa na tovuti iliyochora kwenye ramani mstari wa mahali kitakapoonekana. Akatafuta lenzi ndefu iliyokwisha kutumika, na karatasi maalumu ya kuifunika kwa mbele, maana lenzi ikielekezwa juani bila kufunikwa huunguza kamera na jicho pia. Safari ya kwanza aliufuata mstari njia ya Chitete, barabara ikamtikisa mpaka mgongo ukauma, na alipofika mawingu yakafunga. Safari ya pili ilikuwa Ndalambo, pembeni ya shamba la ufuta la watu asiowajua. Jua lilikuwa safi, lakini lenzi haikulengwa sawasawa, akarudi na picha yenye ukungu. Gwantwa hakumcheka. Alimwambia tu kwamba jua halihami, atalipata siku nyingine.

Halafu tovuti ikaonyesha mstari unaopita Mbozi, juu kabisa ya kijiji cha baba yake mkubwa, Jumamosi moja ya Agosti. Ilikuwa Jumamosi ya harusi ya Tabita.

Tabita alikuwa binti wa mwisho wa mzee Wiliam, kaka wa marehemu baba yake Hezron. Mzee huyo ndiye aliyemlea Hezron baada ya wazazi wake kufariki. Hezron alimwita baba, Tabita alimwita Hezron kaka, na hakuna aliyeona haja ya kueleza zaidi. Mzee alikuwa ametaka kijana wake abaki na shamba la kahawa. Hezron alipoondoka kwenda Tunduma kujifunza kupiga picha, walinuniana msimu mzima. Kisha siku moja mzee alivaa koti lake la kanisani, akashuka mjini, akakaa kwenye kile kiti na kusema anataka kupigwa picha. Tangu siku hiyo hakukubali mpiga picha mwingine aingie kwenye shughuli yoyote ya ukoo.

Mwaka mmoja kabla ya harusi, mzee Wiliam alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakapotea. Alielewa kila kitu na kuitikia kwa kichwa, lakini alipofungua mdomo ilitoka sauti isiyo na umbo, naye akaufunga tena kwa aibu. Tabita ndiye aliyemlisha na kumnyoa, na harusi yake ilisogezwa mbele mara kadhaa kwa sababu hiyo.

Hezron alipiga hesabu zake. Kituo kingepita alasiri, na kwa ratiba aliyopewa, wakati huo wazazi wangekuwa wamekwisha kutoa baraka na wageni wangekuwa wanacheza muziki. Kwa hiyo asubuhi na mapema alisimamisha stendi na lenzi ndefu nyuma ya vichanja vya kahawa, mahali ambapo hakuna mti uliozuia jua. Alimweleza Gwantwa. Gwantwa alimuuliza kama ratiba ya harusi imewahi kufuatwa hata mara moja tangu wazaliwe. Hezron akasema atajua la kufanya.

Ratiba haikufuatwa. Kanisani kwaya mbili zilishindania nafasi, na mchungaji hakuwa mtu wa kufupisha. Saa aliyoisubiri ilipokaribia, wageni walikuwa wamekwisha kukaa chini ya turubai, wamekula, na mshereheshaji alikuwa anawaita wazazi watoe baraka. Kila mtu alijua kwamba Anyosisye, mdogo wake mzee Wiliam, ndiye angesema kwa niaba ya kaka yake. Hezron alikwisha kumpiga picha Anyosisye akihutubia kwenye shughuli nyingi, na alijua mzee huyo huanza mbali. Akaona anaweza kutoka na kurudi kabla hajamaliza. Akapita nyuma ya wapishi, kamera ya harusi ikining'inia shingoni, akaenda kwenye vichanja.

Jua lilikuwa safi, halina hata uzi wa wingu. Alilitafuta kwenye kioo cha kamera, akalenga mpaka ukingo wa duara ukawa mkali kama umekatwa na wembe, na safari hii hakukosea. Akashika kitufe, macho yakiwa kwenye saa.

Gwantwa alitokea pembeni ya kichanja. Alikuwa amekuja mbio, kilemba kimemlegea.

"Baba amesimama," alisema. "Amemkataza Anyosisye kwa mkono, amesimama mwenyewe. Njoo."

"Nakuja. Subiri kidogo."

Gwantwa alimtazama, akatazama na kule juu alikolenga lenzi, kisha akageuka na kurudi peke yake.

Baadaye Hezron alijiuliza mara nyingi kama angewahi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: angewahi. Turubai halikuwa mbali. Alisikia watu wakinyamaza, wote kwa pamoja, hata watoto. Akasikia sauti ya mwanamume, nzito, inayokwaruza, ikitoka kipande kwa kipande, na moyoni alijua ni ya nani. Akabonyeza kitufe. Kamera ikatatarika. Ilipokoma, vigelegele vilikuwa vimepasuka chini ya turubai, na alipofika akikimbia, mzee Wiliam alikuwa amekwisha kuketishwa, Tabita amepiga magoti mbele yake, shela limemwangukia mzee mapajani. Hezron akapiga picha hiyo. Akapiga nyingi, kutoka kila upande, mpaka Gwantwa akamgusa mkono aache.

Kila aliyemuuliza alimwambia mambo tofauti kidogo. Anyosisye alisema mzee alitaja jina la Tabita na kumwambia aende kwa amani. Mama mmoja wa kwaya alisema alimtaja na marehemu mkewe. Simu za wageni zilirekodi, lakini waliowahi kuzitoa walikuwa viti vya nyuma, na ndani ya video zao mlikuwa na visogo vya watu na vigelegele vilivyofunika kila neno.

Picha ya jua aliifungua Jumatatu studioni. Ilikuwa nzuri kuliko aliyoiona kwenye simu. Kituo kilisimama wazi karibu na katikati ya duara, mabawa yake yamenyooka, hata viungo vyake vinaonekana. Aliituma kwenye kundi la wapiga picha wa anga, na watu wa nchi asizozijua wakamsifu na kumuuliza alitumia lenzi gani. Alijibu wawili watatu, akaacha.

Baada ya wiki chache Tabita alishuka Tunduma kuchukua albamu. Alikaa, akafunua ukurasa kwa ukurasa, akatabasamu hapa na pale. Alipofika mwisho alirudi nyuma, akafunua tena taratibu.

"Kaka, ya baba akiwa amesimama iko wapi?"

Hezron alikuwa ameandaa maneno mengi. Akasema, "Sikuipiga. Nilikuwa nje."

Akamweleza yote, na Tabita akataka kuiona hiyo picha ya jua. Hezron akaiweka mezani. Tabita akainama juu yake kwa muda mrefu, akaweka kidole karibu na lile doa.

"Ni haka?"

"Ndiyo. Mna watu ndani."

"Walijua kwamba unawapiga?"

"Hapana."

"Baba alidhani upo," Tabita alisema. Hakuwa na hasira. "Aliposimama alianza kukutafuta kwa macho, kwenye watu wote. Ndipo akaanza kusema."

Aliifunga albamu kwa kitambaa, akaaga vizuri, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Hezron alipanda Mbozi. Mzee Wiliam alikuwa barazani, anaota jua, blanketi magotini. Maneno hayakuwa yamerudi tena. Yalitoka siku ile tu. Hezron aliketi kwenye mkeka, akamwonyesha picha, akamwambia ni nini na aliipata saa ngapi. Kisha akasema, "Baba, wewe ulipokuwa unasema, mimi nilikuwa nimeshika hii. Nisamehe."

Mzee aliishika picha kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akafungua mdomo, ikatoka ile sauti isiyo na umbo. Akajaribu tena. Hezron akasogea, akasikiliza kwa nguvu zake zote, lakini hakupata neno hata moja, wala hakujua kama lilikuwa la msamaha, la lawama, au la kuuliza tu kitu kile ni nini. Mzee akachoka, akamrudishia picha, akafumba macho.

Alifariki Januari, mvua zikiwa zimekolea.

Mwaka uliofuata Tabita alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Wiliam. Hezron na Gwantwa walialikwa ubatizo. Hezron alisafisha lenzi, akachaji betri, akafika kanisani na begi begani, akakuta kijana wa Vwawa amekwisha kusimama mbele na kamera yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia Hezron kwamba ameitwa mpiga picha mwingine. Tabita alikuja mwenyewe kumpokea, akamshika mkono, akampeleka benchi la mbele walikokaa ndugu.

"Leo kaa na sisi, kaka," alisema.

Hezron akaliweka begi chini ya benchi, akakaa. Mchungaji alipotamka jina la mtoto, hakujua mikono aiweke wapi.