Kama Umeipenda Hiyo

Fundi Barafu alikuwa mtu mwema, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele atatutia hasira. Alitengeneza friji zikapona, hakumbadilishia mtu kompresa nzima kwa mbovu, na akimaliza kazi alipiga deki pale alipomwaga maji. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa mdomoni. Huwezi kumwambia kwamba umefurahia katuni fulani ya Kijapani, zile vijana wanaziita anime, bila yeye kuweka bisibisi chini, kujifuta mikono na kusema, "Kama umeipenda hiyo, kuna moja ya zamani."

Hapo ujue umekwisha. Friji iko wazi, nyama inadondosha maji, mama mwenye nyumba kashika kiuno, na Fundi yuko sebuleni anamweleza mtoto wa watu habari za katuni iliyochorwa kwa mkono enzi ambazo babu yake mtoto huyo hajaota ndevu. Wala hakuwa akipendekeza ovyo. Alikuwa na utaratibu wake. Hakujali kama katuni ni ya vita au ya mapenzi. Aliuliza, "Ulicheka wapi? Ulinyamaza wapi?" Mtu akisema kapenda ile ya majitu ya chuma yanayopigana, Fundi humchimba na kumchimba mpaka mwenyewe agundue kwamba alichokipenda kumbe ni yule rafiki anayechelewa kila siku. Kisha humpa katuni ya zamani kuhusu kituo cha treni, haina jitu hata moja. Na siku chache baadaye mtu huyo anakuja na macho mekundu kuomba sehemu zilizobaki. Zote alikuwa nazo kwenye flashi, flashi zikakaa kwenye mkoba wa spana, na mkoba haukutoka begani.

Basi mtu huyu akapenda. Alimpenda fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye ulimi mkali hata wateja wake wakamwita Sindano. Walijuana kwa ajili ya friji, na baada ya hapo friji ile ikawa haina afya kabisa. Kila Fundi akiitwa anakuta waya umechomoka tu ukutani, anauchomeka, wanakunywa chai. Mambo yakakolea hivyo hivyo mpaka ikabaki kwenda kwa baba.

Baba sasa ndiye aliyekuwa shughuli. Mzee Mizani alikula ujana wake wote kwenye mizani ya barabara kuu, akipima malori, na kazi hiyo ilimwachia imani moja: kila anayepita kaficha mzigo. Alistaafu kazi, imani hakuistaafu. Ukimsalimia kwa uchangamfu sana, anajiuliza una nini chini ya turubai. Wachumba wawili walishafika mbele yake wakageuzwa. Mmoja alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Mwingine alileta zawadi ambayo, kwa maneno ya mzee, ilikuwa nzito kuliko uso wake.

"Nakuomba kitu kimoja," Sindano alimwambia Fundi, pini zimejaa mdomoni, anakunja pindo la suruali ya mtu. "Usimpendekezee baba katuni. Baba ukimpa kitu anatafuta kilichofichwa ndani. Na mimi bila ridhaa ya baba siolewi, unanijua. Akikataa tumeachana, nitaumia, na wewe nitakulaumu mpaka nazikwa."

Fundi akala kiapo. Aliapa kwa roho ya marehemu mama yake, halafu kwa kuwa Sindano bado alimtazama vibaya, akaapa tena kwa mtungi wake wa gesi.

Jumamosi alasiri akaenda, shati limepigwa pasi na Sindano mwenyewe. Sebule ya mzee ilikuwa nadhifu kupita kiasi. Viti vimevishwa vitambaa vya kufuma, rimoti imevishwa mfuko wa nailoni. Shangazi, dada yake mzee aliyehamia pale baada ya kufiwa na mumewe, akaleta chai na kukaa karibu ili asipitwe na neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Si hapo. Hapo."

Maswali ya kazi yalikwenda vizuri. Ya ukoo nayo yakapita. Kisha mzee akaitazama TV iliyozimwa, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefiwa.

"Nilikuwa na katuni yangu," akasema. "Konokono wa Posta. Kijana anasambaza vifurushi, amepanda konokono mkubwa kama lori. Imeisha juzi. Sasa sijui nitatazama nini, maana hizi nyingine ni kelele tupu."

Jamani. Fundi alijikaza kisabuni. Alipiga funda kubwa la chai, likamuunguza, akashukuru kwa kuwa ulimi ulipata shughuli nyingine. Sindano aliyekuwa amesimama mlangoni alimtolea macho kama anayemtishia mbuzi aliyekaribia bustani. Fundi akageukia ukuta, akaanza kusoma kalenda.

"Unajua nilichokipenda?" mzee akaendelea, hana habari. "Yule kijana hafungui kifurushi cha mtu. Hata kikilia ndani, hafungui."

Mwingine yeyote angenyamaza. "Kama umeipenda hiyo," Fundi akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "kuna moja ya zamani."

Ilikuwa inaitwa Mpagazi wa Mlima wa Chumvi. Mkoba ulikuwa miguuni, flashi ikatoka, ikapokelewa. Sindano aliondoka mlangoni, na vyombo vikasikika jikoni vikioshwa kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Haukupita muda, Shangazi akatokea kwenye karakana ya Fundi. Alifuta kiti kwa kiganja, akakaa katikati ya friji zilizotolewa milango.

"Nimetumwa," akasema. "Mzee anauliza, sanduku tupu maana yake nini?"

"Sanduku gani, Shangazi?"

"Usijitie hamnazo. Mpagazi anapandisha sanduku mlimani sehemu zote hizo. Analifikisha kwa mjane mwenye binti mmoja. Mjane analifungua, ndani hamna kitu. Mzee ni mjane. Ana binti mmoja. Anasema kama huna kitu, useme huna kitu, kuliko kumpelekea katuni."

Fundi akaweka spana chini. "Shangazi, wallahi ni katuni tu. Nilimpa kwa sababu yule mpagazi naye hafungui mizigo ya watu."

"Na hilo kalisikia. Mtu kafungua mizigo ya watu maisha yake yote, serikali inamlipa, leo unamwambia asiyefungua mizigo ndiye mwema?"

Mtu mwenye akili timamu angeomba radhi hapo, akafunga duka la mdomo. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. "Ila aliipenda?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaitazama mara mbili."

"Alinyamaza wapi?"

Shangazi akafikiri, maana na yeye alikuwa ameitazama. "Pale mpagazi anapoosha miguu mtoni."

"Basi kama alipapenda hapo," Fundi akasema, mkono tayari uko mkobani, "hii itamtuliza. Ina maji mengi. Haina baya."

Hiyo ilikuwa Bibi na Mashine ya Kufulia, na kweli ina maji mengi. Ina pia bibi mmoja anayeishi na mpwa wake, mpwa anaolewa, bibi anabaki na mashine ya kufulia inayoongea. Fundi alishasahau kabisa hilo la mpwa. Alikumbuka mapovu tu, yalivyochorwa.

Safari hii Shangazi hakutumwa. Alikuja kwa miguu yake, kajifunga kibwebwe. "Yule bibi ni mimi," akasema. Hakuuliza. "Mtamchukua mtoto wangu, mimi nibaki napiga soga na mashine. Nimekuletea chai, nimekutetea kwa kaka yangu, nikamwambia huyu kijana ana adabu. Kumbe unanitengenezea mashine."

Fundi aliapa, akaomba, akashika masikio. Shangazi hakulegea. Na hapo, kwa nia njema kabisa, nia iliyonyooka kama rula, Fundi akamkabidhi flashi ya tatu ya kupoza mambo, katuni ya mpira wa miguu. Nani anaona mafumbo kwenye mpira? Ila tu ilikuwa katuni ya zamani sana, ya wakati wachoraji walipobana matumizi, na penalti ikipigwa ndani yake, mpira hukaa hewani sehemu tisa kabla haujafika golini. Jibu la mzee likaja kupitia Sindano mwenyewe.

"Baba anasema amekuelewa," Sindano alisema. Alisimama kwenye mlango wa karakana, hakuingia. "Anasema mpira umepigwa lakini huna haraka ya kufika. Anakuita kesho akupe jibu, na jibu lake nalijua. Uliniapia, Fundi. Uliapa kwa mama yako."

"Alitaja kifurushi," Fundi akasema. "Nilishindwa."

"Najua ulishindwa. Nilikuona ukishindwa." Macho yalikuwa yamemjaa machozi ya hasira, akayafuta kwa futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni. "Nilishakata mpaka kitambaa cha gauni langu, mjinga mimi." Akaondoka. Fundi akabaki kashika tama, na hakuna friji iliyopona siku hiyo.

Kesho yake akaenda bila mkoba. Bega lilikuwa jepesi hata akawa anatembea upande. Sebuleni alikuta flashi tatu zimepangwa juu ya sinia katikati ya meza, kama vidhibiti vya mtu aliyekamatwa. Mzee kakaa upande huu, Shangazi upande ule. Sindano alikaa mwisho, anatazama vidole vyake.

"Gari likija turubai limefungwa vizuri kupita kiasi, mimi nafungua," mzee akaanza. "Hizi nimezifungua zote tatu. Sanduku tupu. Bibi aliyeachwa. Mpira usiofika. Sitaki maneno mengi. Mzigo wako ni nini?"

Fundi alikuwa amejiandalia hotuba njiani. Ikayeyuka yote.

"Mzee, hakuna mzigo," akasema. "Nilipokuwa mdogo baba alikuwa mtu wa safari, mama yuko kazini kutwa. Jirani alikuwa na kanda za video za hizo katuni. Nilizitazama zote, mwenyewe. Ukitazama kitu kizuri halafu huna wa kumwambia, kinakuuma. Mpaka leo sijapata mtu aliyeziona kabla yangu. Kwa hiyo nikisikia mtu kapenda inayofanana, nampa, ili tuwe wawili. Ni upweke tu, mzee. Upweke na kiherehere."

"Kiherehere nakubali," Shangazi akasema, lakini sauti ilikuwa imelainika.

Mzee aliokota flashi moja. Akaigeuza, akaitazama chini, akairudisha kwenye sinia.

"Nimeulizia mtaani. Umempa mwenye bucha," akasema polepole. "Kinyozi umempa. Mimi umenipa, na dada yangu umempa mpaka kaota anafua. Na binti yangu, umempa ipi?"

Sindano akainua uso. Ikaonekana wazi kwamba swali lile hakuwahi kujiuliza.

"Hajanipa," akasema. "Hata moja. Hajawahi hata kuniuliza."

Mzee Mizani akasogea mbele kwenye kiti, na uso wake ukapata mng'ao uliokuwa umepotea tangu astaafu. "Ehee," akasema. "Tupo hapa sasa. Kwa nini?"

Fundi alitamani sakafu ipasuke. Alitazama miguuni kutafuta mkoba, haupo.

"Niliogopa," akasema. "Siku ya kwanza aliniambia katuni ni mambo ya watoto. Wengine wakisinzia, nacheka, nawapa nyingine. Yeye akisinzia, sitacheka. Nitaumia vibaya. Nikaona bora nisimpe, kuliko nimpe halafu nimwone anatazama saa."

"Umeona?" mzee akamwambia dada yake, ameridhika moyo wote. "Si nilikwambia kuna kitu huyu kabeba." Kisha akamgeukia Fundi. "Haya, mpe. Sasa hivi, mbele yangu."

"Lazima kwanza nimuulize amependa nini, mzee. Ndivyo inavyokwenda."

"Muulize."

Fundi akageuka. Alikuwa amewauliza watu mtaa mzima swali hili, na safari hii ilibidi ajifute mikono mara mbili kwanza. "Kuna kitu umewahi kukitazama ukakipenda?" akauliza. "Chochote. Hata kisiwe katuni."

Sindano, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, alinyoosha pindo la gauni lake lililokuwa limenyooka tayari.

"Wewe ukisikiliza friji," akasema. "Unaweka sikio ubavuni, unafumba macho, unasahau kabisa kwamba na mimi nipo. Halafu unatabasamu. Hujasema umepata ugonjwa wake, lakini mimi nimeshajua umepata. Nimekaa nikitazama hiyo, nikaacha kushona. Ningeweza kutazama kutwa."

Midomo ya Fundi ilikuwa imeshajipanga kama kawaida yake, na wote wanne walikuwa wakiyasubiri yale maneno. Alipekua kichwani. Alipitia treni zote na milima yote, alipitia maroboti, mabibi, watoto waliopotea na paka wanaoongea, tangu kanda ya kwanza ya yule jirani mpaka flashi ya mwisho. Jasho likamtoka.

"Hakuna," akasema mwishowe, na yeye mwenyewe alishangaa. "Inayofanana na hiyo sijaiona."

Shangazi akaanza kulia waziwazi, bila kujificha. Sindano naye hakuwa mbali. Mzee Mizani peke yake ndiye aliyebaki na akili zake. Alimwinamia binti yake, akashusha sauti.

"Mwanangu," akasema, "itikia upesi, kabla hajakumbuka nyingine."