Gramu Sitini za Mshono

Kijumba cha kioo kilipoachia kituo cha chini na kuanza kupandishwa mlimani kwa waya wake, mlango ulijifunga wenyewe, tak, na Manyoya akakaa mkabala na binti yake, baiskeli imesimama katikati yao kama abiria wa tatu. Kufika juu ni dakika kumi na moja. Mlango ule haufunguki njiani hata ulie machozi ya damu.

Manyoya lilikuwa jina la utani, na alikuwa amelitolea jasho: kila baiskeli iliyopita mikononi mwake ilitoka nyepesi kama unyoya. Baiskeli za kushukia milima ni nzito, maana kazi yake ni kurushwa juu ya mawe na mizizi na kutua bila kuvunjika. Waendeshaji huupenda uzito huo pale gurudumu linapong'ang'ania ardhi, na huulaani pale mikono inapochoka na kona inapokataa kukatwa. Katikati ya kupenda na kulaani huko ndimo fundi huyu alimopatia riziki. Nyuma ya mlango wa karakana yake ilining'inia mizani ya ndoano, na kila kitu kilipimwa: boliti, mnyororo, hata stika. Stika alizibandua. "Uchafu nao una uzito," alizoea kusema, na wateja walicheka, kisha kesho yake walirudi na baiskeli zao.

Siri yake ilikuwa tupa, kile chuma chenye meno cha kusagia chuma. Mahali mabomba ya fremu yanapokutana huchomelewa, na mshono hubaki umevimba kama kovu. Manyoya aliupiga tupa ule uvimbe mpaka ukalala laini kama shavu la mtoto, akapaka rangi upya. Gramu sitini zilipotea, na urembo ukaongezeka. Shemeji yake, mchomeleaji wa mageti, aliwahi kumwambia, "Shemeji, huyo ng'ombe unamnyoa mpaka mfupa." Manyoya akamjibu kwamba mtu wa mageti azungumzie mageti.

"Kitendawili," binti akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao ya woga tangu alipoanza kushindana. Leo ilihitajika kuliko siku zote: ilikuwa fainali, na mshindi angechukuliwa timu ya taifa.

"Tega," Manyoya akasema.

"Nyumba yangu, mgeni huingia kwa hiari yake, kutoka ni kwa hiari ya nyumba."

Mkono wa fundi haujui kukaa. Manyoya alikwisha toa ufunguo mfukoni na kuanza kuigonga fremu polepole, akiisikiliza, kama afanyavyo na kila baiskeli. Bomba zima huitika kama bilauri. Akagonga juu: ting. Akagonga chini: ting. Akagonga nyuma ya shingo ya usukani, pale pale alipoulaza mshono: dub. Kama mtungi wenye ufa.

Akagonga tena. Dub.

"Baba, nyumba gani?"

"Ngoja kidogo."

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua."

"Mji gani? Hata mji huna?" Binti akacheka. "Ni hiki kijumba, baba. Hicho ni kitendawili cha chekechea. Leo umeamkia upande gani?"

Manyoya alitazama nje. Chini yao njia ya mashindano ilijikunja kati ya miti, na kila jiwe alilijua kwa jina lake la matusi. Kule juu, mbali bado, palionekana jukwaa la kuanzia na watu wadogo kama sisimizi wamejipanga. Kijumba kilipanda kwa mwendo wake ule ule wa bwana harusi. Hewa ikamwishia humo ndani, ingawa tundu la juu lilikuwa wazi.

"Mama," akasema, kwa maana ndivyo alivyomwita mwanawe jambo linapokuwa zito, "hapa pana ufa."

Binti akainama, akapitisha kidole. "Sioni kitu."

"Uko chini ya rangi. Umesikia mlio?"

"Nimesikia mzee mwenye wasiwasi." Akajifunga vizuri kinga ya goti. "Kila fainali unasikia vitu. Mwaka jana ulisikia breki. Breki zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu."

"Haya. Hata kama upo, basi ni bahati mbaya ya bomba. Nina dakika nne tu za kushuka. Litavumilia dakika nne."

Manyoya alikuwa na maneno ya kumzuia, ila yalikuwa yamefungwa fundo moja na maneno mengine asiyotaka kuyasema. Ufa wa bahati mbaya ungeweza kuvumilia dakika nne, ungeweza kukataa. Mwanariadha yeyote angecheza pata potea. Lakini ufa huu haukuwa wa bahati. Na akisema ni wa nini, basi zile baiskeli kumi na moja nyingine zilizopita mikononi mwake, ambazo sasa hivi zimepangwa pale juu, nazo zingekuwa zimesemwa. Akatazama mlango. Akatazama wanawe wawili, mmoja wa damu na mmoja wa chuma.

"Si bahati mbaya," akasema. "Ni tupa."

"Tupa gani?"

"Niliukata mshono ili upungue. Unene uliobaki ni wa ukucha. Kwenye lile jiwe la tatu shingo itang'oka, na wewe utaendelea mbele peke yako."

Vidole vya binti vilibaki kwenye mkanda wa goti, havifungi wala havifungui. Manyoya angefurahi kama angetukanwa.

"Ulijua?" binti akauliza.

"Shemeji alinionya. Nilimwona mshamba."

"Umefanyia hii tu?"

Hapo ndipo Manyoya alipotaka mlango ufunguke, hata kama chini ni korongo.

"Baba. Hii tu?"

"Zote."

"Ya Kinyozi pia?"

Kinyozi, kinyozi kweli kwa kazi yake, mcheshi aliyewanyoa nusu ya wanariadha wa mlima ule, ndiye aliyepangiwa kushuka wa kwanza. "Ya Kinyozi pia," Manyoya akasema.

Binti akatoa simu, akabonyeza, akamwekea baba yake sikioni kabla hajasema anampigia nani. Ilikwisha ita.

"Jukwaani," sauti ya msimamizi wa kuanzia ikasema, nyuma yake upepo na filimbi.

Kupitia kioo Manyoya alimwona sisimizi mmoja akisogea mbele ya mstari, akiinamia usukani.

"Msimruhusu Kinyozi," akasema.

"Nani mwenzangu?"

"Fundi."

"Mafundi wako wengi hapa, ndugu. Fundi yupi? Sema kwa sauti, kuna upepo."

"Manyoya!" Sauti yake ilikijaza kijumba kizima. "Baiskeli nilizopunguza mimi ni mbovu. Nilizikata mishono. Asishuke hata mmoja."

Kisha, mbali na simu, mtu akapiga kelele, na yule sisimizi akateremsha mguu chini.

"Ni ngapi?" msimamizi akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa na undugu.

"Kumi na mbili."

"Nipe majina."

Binti aliivua kofia ngumu, akaipakata. Juu bado kulikuwa mbali. Manyoya akafumba macho, akaanza na la mwanawe.