Ugomvi wa Unga Kwenye Mkanda wa Chini

...eti "bibi, nikiutoa hapa chini haupotei, hii ni njia ya mkato tu, wenyewe umo ndani," ananiambia Shakila, mjukuu niliyembeba mgongoni, kama vile sijui cha ndani na cha nje, magomvi yote ya ukoo huu yalikaa kichwani mwangu kabla kompyuta hazijafika Masasi, kabla hawa wanunuzi wa korosho hawajaja na malori yao na kila mtu kufungua kibanda chake hapa Mkomaindo, huyu akachapa barua, yule akauza mitumba... haya, kanikalisha kwenye stuli kibandani kwake, anavuta tukaratasi kwenye kioo kwa kile kipanya, anatupanga kwenye mkanda wa chini ili akigusa mara moja tu pafunguke, barua za wateja, risala za harusi, na magomvi yangu matatu niliyomsimulia wiki nzima, wa kisima, wa mahari ya Agnes, wa unga, "mkanda umejaa bibi, mmoja utoke, ubaki ule tunaoufungua kila siku," nami nikadakia, ubaki wa unga, hata sikufikiri, akacheka, "mke mwenzangu, huo leo tumeufungua mara tano na adhuhuri bado!" Mara tano. Na nyumbani je, nikipepeta naufungua, nikitwanga naufungua, miaka kumi na moja, Esha mdogo wangu wa tumbo moja yuko pale Makote na sijaonja kisamvu chake, kwa sababu arobaini ya mama unga wa tambiko kaburini anaanza kuuweka binti mkubwa, ndivyo tulivyokuta, na yeye akauweka bila mimi... Jumamosi tunaweka tena, Newala, kaburini kwa mama, na karatasi hii itasomwa mbele ya wajomba, Esha asishike unga tena, yeye na binti zake, hapo Shakila vidole vilisita, "na binti zake, bibi?" na binti zake, nikasema, andika. Akaandika. Halafu sasa hivi ananiuliza, wala hana ubaya, "hapa umesema ukitoka pwani kwenda arobaini ulikwama Nanganga, mvua, tope, niweke mwezi gani?" Mwezi... kichwani mambo hayana miezi, yamekaa tu, lakini mama alitutoka mikorosho inaanza maua, mwezi wa saba, arobaini ikaangukia wa nane, na mwezi wa nane mvua ya wapi, Nanganga mwezi wa nane ni vumbi, vumbi mpaka kwenye kope, nalikumbuka, nimekaa barazani kwa rafiki yangu Mwanasha siku mbili nimenuna natafuna muhogo wa kuchoma, magari ya kwenda juu yanapita nayahesabu, kwa nini Esha katuma mtu kuniita, kwa nini hakuja mwenyewe, mimi mkubwa, wakinitaka watanifuata... na wao kule walingoja, walingoja mpaka jua likainama, mtu mwingine angefanya nini, kaburi la mama lilale bila unga? Nikafika kesho yake nikasema tope, na wote wakalipokea hilo tope, hakuna aliyeuliza mwezi, nami nikalisema mpaka nikaliona kwenye miguu yangu. "Bibi, umelala? Nitoe upi?" Sijalala. Kidole chake bado kiko juu ya kipanya, anangoja, feni inazunguka, mteja wa risala anakohoa mlangoni... toa wa unga, mama, usiufute, wenyewe ukae huko ndani ulikosema, ila pale chini utoke, nisiufikie upesi namna hii, na mwezi andika wa nane, na lile la binti zake ondoa, usinitazame hivyo, ondoa tu, halafu kesho ukipanda Newala pita Makote, mwambie bibi yako Esha Jumamosi aje na unga wake, mwambie mimi nimesema, Nanganga siku zile barabara ilikuwa kavu.