Mahali pa Jeraha

Msichana alikuwa ameshika mkasi wa kucha, akikata tundu kwenye mfuko wa mkate.

"Padogo, mwanangu, padogo," alisema mama mdogo wake, akimshikia kioo. "Juzi ulikata kama unashona kaptula, tukanuka mpaka majirani wakafunga madirisha."

Msichana alitaka kucheka, akajizuia, maana kucheka kulivuta kovu. Lilianza chini ya kifua, likaishia chini ya kitovu. Kushoto kwake ncha ya utumbo ilichomoza, nyekundu na yenye unyevu, ikitoa haja bila kumwomba ruhusa. Alipangusa ngozi iliyobabuka kuizunguka, akabandika mfuko kwa plasta, akazungushia kitambaa kiunoni, akavaa gauni pana. Miezi mitano sasa.

Alhamisi daktari wa upasuaji angeurudisha utumbo ndani. Picha zilikuwa zimeonyesha kwamba kidonda cha chini kimefunga. "Lakini uje na fomu yenye muhuri wa ofisi ya kazi," alimwambia. "Bila hiyo siruhusiwi kukupanga. Ukikosa Alhamisi, ni mwakani."

Leo ilikuwa Jumanne.

Walisubiri kwenye ofisi ya kazi tangu saa mbili hadi saa sita. Karani alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na chupa ya chai pembeni. Alisoma barua ya hoteli huku akipuliza kikombe.

"Ulikuwa unafanya kazi gani huko?"

"Napiga video. Mgeni anaendesha pikipiki ya maji, mimi nakaa nyuma yake na kamera."

"Hiyo nayo kazi, au kula raha? Wenzako wanaiota." Kwenye foleni watu wakacheka. "Meneja anasema hapa ulipanda kujiburudisha, bila idhini."

"Kujiburudisha!" Mama mdogo aliinuka kitini. "Na fulana ya hoteli waliyomvika, ni ya kujiburudisha? Na kuripoti saa moja asubuhi?"

"Mama, tulia, sijamaliza. Hapa pa mahali pa jeraha ni patupu. Kwenye ripoti yake daktari kaandika maneno yao yale, mimi siyaelewi. Umeumia wapi?"

"Tumbo," alijibu mama mdogo. "Aligonga tumbo."

Hivyo ndivyo msichana alivyowaambia wote nyumbani. Aliangalia vidole vyake.

"Sikugonga tumbo," alisema.

"Sikusikii, dada. Hii feni ina kelele."

Nyuma yake kulikuwa na watu kama thelathini.

"Ile mashine inavuta maji kwa chini, inayatema nyuma kwa nguvu. Ndivyo inavyokwenda. Mgeni aliongeza mafuta ghafla. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kamera. Nikaanguka kinyumenyume, miguu imeachana, palepale maji yanapotokea. Yakaniingia. Pa kwendea haja. Yakapasua utumbo huko ndani."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mdogo alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Wageni wanapewa kaptula nene za mpira, zinazuia," aliendelea msichana, maana sasa kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema. "Sisi hatupewi. Nilipoona damu, msimamizi alisema ni siku zangu. Akanipa pedi na vidonge viwili. Nikapiga video wageni wengine wawili, kwa kamera nyingine."

Ile ya kwanza ilikuwa imeopolewa papo hapo, ikafutwa, ikazikwa kwenye mchele inyonywe unyevu. Yeye alifikishwa hospitali kesho yake, tumbo gumu kama ubao. Walimfungua, wakaosha usaha, wakashona palipopasuka. Daktari alipomuuliza kwa nini amechelewa, alijibu, "Nilidhani ni siku zangu," kana kwamba wazo lile lilikuwa lake.

Karani alisogeza kikombe. Sauti yake ilishuka.

"Sikiliza, dada. Nikiandika ajali ya kazini, na mwajiri amekana, faili linakwenda kwenye kamati. Kamati haijakaa tangu mwaka jana. Nikiandika ugonjwa wa kawaida, wewe unatia sahihi kwamba huna neno na hoteli, mimi nagonga muhuri sasa hivi. Nakusaidia tu."

"Tia, mwanangu," mama mdogo alinong'ona. "Tia twende."

Msichana alichukua kalamu. Alitaka Alhamisi kuliko kitu chochote duniani. Alitaka kulala chali bila kusikiliza plasta ikiachia. Lakini nafasi yake hotelini alikuwa amepewa msichana wa kugawa taulo, na Jumapili yule binti alikuwa amempigia simu kuuliza: eti, dada, ukiwa na kamera unashika wapi?

Juu ya mstari wa sahihi palikuwa na mwingine: *Ugonjwa ulianza lini na wapi.* Aliandika tarehe. Kisha, kwa mwandiko wake mdogo wa shule: *saa nne asubuhi, nyuma ya mgeni, nikiwa kazini.* Akatia sahihi.

Karani alisoma mara mbili.

"Ugonjwa hauanzi saa nne asubuhi, dada."

"Wangu ulianza."

"Umeharibu fomu."

"Mpe nyingine, baba," mama mdogo alisihi. "Huyu ni mtoto, amechoka."

"Mgonjwa mmoja, fomu moja. Akitaka nyingine aandike barua, ajibiwe baada ya siku kumi na nne."

"Alhamisi ni keshokutwa!"

"Najua Alhamisi ni lini, mama."

Alifungua kisahani cha wino, akachukua muhuri wa pili kutoka kushoto, akaugonga katikati ya fomu kwa nguvu iliyotikisa chai. BATILI, ulisema. Akaangalia saa yake, akajaza chini ya muhuri muda: saa sita na robo; mahali: ofisini; na jina lake: mtumishi aliyekuwa kazini.