Tanki la Njogu

Jumatatu Njogu alishusha tanki la pikapu yake kuukuu hapa kwa kibanda changu cha kuchomelea vyuma Kitengela, akapangusa mikono, akasema, "Fundi, kuna tundu hapo chini. Nimeosha mimi mwenyewe. We choma tu."

Maneno yale yale! Miaka minne iliyopita alimwambia hivyo bwanangu Amolo. Amolo akawasha gesi, tanki likalipuka, nikawa mjane. Kisha huyu Njogu akaenda polisi akaandikisha kwamba fundi alikuwa amelewa. Amolo, mtu wa kwaya, hata harufu ya pombe ilimtapisha! Mama yake kule Ahero aliamini. Mpaka leo mimi kwake ni mke wa mlevi. Njogu hakunitambua. Hakukanyaga matanga, angenijulia wapi? Lakini mimi nilimwona siku ile pale stesheni ya polisi, na uso wake nimelala nao miaka yote minne.

Nikafungua kifuniko. Petroli ikanipiga puani. Ameosha nini, mwongo huyu?

Siku tatu nilikuwa na hilo tanki. Nilimwaga masalio, nikatia minyororo na siki, nikatikisa mpaka kutu ikatoka nzito kama uji wa wimbi. Nikasuuza na maji moto na sabuni ya unga mara sita, nikaanika, nikanusa. Safi kabisa. Ijumaa nikaligeuza tundu likae juu, nikajaza maji mpaka karibu na tundu lenyewe, mvuke wa petroli ukose pa kujificha. Tangu Amolo afe sichomi tanki bila maji. Na mafundi wote hapa wanajua sheria yangu nyingine: aliyesema ameosha ndiye anashika.

Njogu alipoonekana ng'ambo ya barabara, nikampigia Mama kule Ahero simu, nikamwambia asikate hata asikie nini. Nikaweka simu kwa meza, sauti juu.

"Kaa hapo, boss. Shika vizuri."

Nikamwekea tanki mapajani. Maji yakacheza ndani, chubu, chubu. Uso ukambadilika.

"Fundi, hii bado iko na mafuta!"

"Mafuta gani? Si uliosha?" Nikawasha gesi.

"Ngoja! Sikuosha! Haki ya Mungu sikuosha!"

"Na ile ya Amolo?"

Hapo ndipo aliniangalia vizuri. Akajaribu kuinuka, lakini kwa uzito ule angekimbilia wapi? Nikasogeza moto. Mafundi wenzangu wakaacha kazi.

"Hata ile sikuosha! Nilikuwa na haraka! Na hakuwa amelewa, nilidanganya, niliogopa kufungwa! Wuui, zima, mama, zima!"

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana, na ningeweza kumwacha alie hivyo mpaka jioni. Nikazima.

Kisha sauti ya Mama ikatoka kwa simu.

"Nzisa."

"Naam, Mama."

"Mwambie aseme tena. Polepole. Na ataje jina la mtoto wangu."

"Amolo hakuwa amelewa," akasema Njogu. "Ni mimi niliyedanganya."

Mama akaanza kulia. Siku ya mazishi hakutoa chozi hata moja.